Ijumaa Aliyotembea Habib

Mtu akikaa siku tatu mfululizo kwenye kibanda cha Nulu, hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, akinywa soda moja kwa saa mbili huku akiulizia nyumba ya watu, basi ama amekuja kudai, ama amekuja kuposa. Wadai wanaozunguka Walukuba tunawajua kwa sura, na wengine kwa mwendo. Huyu hatukumjua. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, mkoba mweusi begani, na alisalimia kila mtu, hata waliokuwa wamekwisha msalimia. Tukaamua sisi wenyewe kilichomleta.

Siku ya tatu Nulu alishindwa kuvumilia. Alimwachia mteja mmoja kibanda na maandazi yake, akavuka barabara, akaingia kwa Khadija bila kupiga hodi.

"Mama Mastula, kaa chini kwanza."

Khadija alikuwa mkekani anasuka kawa la kufunikia chakula, ukili umemjaa miguuni. "Nimekaa, Nulu. Huoni?"

"Basi kaa vizuri. Yule mgeni ameuliza tena juu ya nyumba yako. Ameuliza, mumeo Habib ni mzima? Anatembea? Anabeba vitu vizito? Ndani kuna mgonjwa mwingine? Nikamwambia mle kuna binti mmoja, Mastula, fundi cherehani, hajaolewa. Akaandika kwenye daftari."

"Aliandika jina la Mastula?"

"Kwa wino. Mimi nimeozesha wawili, Mama Mastula. Upande wa mume ukianza kuulizia afya ya baba, unatafuta damu ya ukoo."

Khadija aliweka ukili chini. Mwaka uliopita walikuja watu wa Buwenge kwa ajili ya Mastula, wakaleta sinia la sukari na majani ya chai, wakaondoka wanacheka. Kisha wakaulizia mtaani, wakaambiwa kwamba baba wa binti anaburuta mguu, na mlango ukibamizwa anatetemeka mikono. Hawakurudi tena. Hata sinia lao hawakulifuata, na kila Khadija alipofungua kabati lilimtazama. Alikuwa na hasira na sinia lile kuliko na watu wenyewe.

"Safari hii," alisema, "hawatasikia upuuzi."

*

Ukweli ni kwamba damu ya Habib Adrisi haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwenye uti wa mgongo, na lilitoka Baghdad. Alikwenda Iraki kulinda lango la kambi, kama walivyokwenda Waganda wengi miaka ile. Asubuhi moja kombora likapiga mnara wa ulinzi, na mifuko ya mchanga ikamwangukia mgongoni. Kampuni iliyomwajiri ikamrudisha nyumbani na cheti cha shukrani. Tangu hapo mguu wake wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi kidogo kidogo, kuanzia vidole kupanda juu, na alitembea kwa mkongojo.

Daktari wa Kampala alisema apasuliwe kabla mwaka ule wa 2010 haujaisha, ili mshipa wa fahamu uliobanwa ufunguliwe. Akichelewa, mguu utakuwa wa kubebwa tu, na wa pili utaufuata. Upasuaji ulipaswa kulipwa na kampuni ya bima ya ng'ambo. Wakili alikwisha peleka fomu, na bima ikajibu kwa barua ya mistari minne: tunachunguza. Barua hiyo ilikuwa juu ya kabati, chini ya cheti cha shukrani. Hakuna aliyejiuliza kuchunguza huko kutafanywa na nani, au kama huyo mtu atapenda maandazi.

Khadija alianzia kwa mzee Bogere, mstaafu wa kiwanda cha nguo, ambaye hukaa barazani kwake kutwa nzima.

"Mzee, mgeni akikuuliza, Habib ni mzima."

"Mzima kiasi gani?"

"Mzima tu, mzee. Usiongeze."

"Mimi siongezi," alisema Bogere, na wote wawili walijua kwamba ataongeza.

Akapita nyumba kumi. Kila mahali alikubaliwa, maana kila nyumba ina binti wake, na leo kwake, kesho kwangu. Jioni akamgeukia mumewe.

"Baba Mastula, kesho Ijumaa utakwenda msikitini bila mkongojo."

Habib alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, mkanda wa mgongo umemkaza hadi mbavuni. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna mtu anamwangalia Mastula. Ni hatua mia mbili tu. Nimezihesabu."

"Umezihesabu kwa miguu yako."

"Baba," alisema Mastula kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa, "mimi sijamwomba mtu yeyote atembee."

"Wewe shona," alisema mama yake.

Habib hakusema kwamba hakuweza, na hilo lilipaswa kumtia mkewe wasiwasi. Kumbe alikuwa anaupima umbali moyoni, na alipomaliza kuupima alifurahi. Miaka miwili watu walikuwa wanampisha njia kama mkongwe.

*

Ijumaa akavaa kanzu nyeupe na kandambili za bluu, akauacha mkongojo nyuma ya mlango. Kwenda alikwenda. Alikwenda polepole, kifua mbele, kama alivyofundishwa kupiga zamu, akisalimia kulia na kushoto. Sisi tulitoka nje kama tunaoanika nguo. Ndani ya msikiti aliswali kwenye kiti chake cha siku zote, nyuma karibu na mlango, na mgeni hakuingia kuona hayo.

Kurudi akarudi vile vile, wima, katikati ya jua la saa saba lililokuwa limeichemsha lami. Mgeni alikuwa kibandani na kamera ndogo mkononi, anajifanya anapiga picha ndege. Nulu akamwona. Akaja mbio kwa Khadija kumwambia kwamba Habib amepigwa picha, na bila shaka inakwenda kwa mama wa bwana harusi.

Khadija alicheka hadi alipoona sakafu. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kulikuwa na alama nyekundu, hatua moja ndiyo, moja hapana. Akaupindua mguu wa kushoto wa mumewe. Haukuwa na kandambili. Kisigino kilikuwa kimeungua malengelenge, na katikati ya unyayo kizibo cha soda kilikuwa kimezama chote.

"Kandambili nyingine iko wapi?"

Habib akatazama miguu yake kwa mshangao. "Si nilivaa zote mbili?"

"Na kizibo? Hukuhisi?"

"Nilihisi watu wananitazama," alisema Habib.

Akalala mkekani siku hiyo, na kesho yake, na hakuweza kujigeuza mwenyewe. Jumamosi Muzamiru, muadhini, alileta kandambili ya bluu imefungwa kwenye gazeti. Aliikuta mlangoni mwa msikiti peke yake. Khadija akaiosha, akaiweka pembeni, na akapiga simu Nakaloke. Sisi nasi tuna desturi zetu: upande wa mume ukichunguza, upande wa mke nao unachunguza. Mgeni alikwisha mwambia Nulu kwamba jina lake ni Masaba, mtu wa Mbale, mtaa wa Namakwekwe. Na dada yake Habib, Hajati Kaltuma, anauza vitunguu soko la Nakaloke, karibu na Mbale.

"Wifi," Khadija alimwambia, "nenda ukatuangalizie huyo mtu."

*

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Masaba alikuwa polisi miaka tisa, na sasa alilipwa kwa siku na ofisi moja ya Kampala iliyotumwa na bima za ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kuwafuata watu waliodai wameumia, kuona kama kweli wameumia. Aliwahi kumpata mtu wa mkono uliovunjika yuko juu ya mti anachuma parachichi, na bado alikuwa anajivunia. Kofia ya viua aliinunua Jinja sokoni, alipoambiwa mtaa una Waislamu wengi. Kuhusu kwao alisema kweli kwa uvivu tu. Nani angetoka Jinja kwenda Mbale kumuulizia?

Lakini Walukuba ilimchanganya. Kwingine majirani humficha mdai, wanasema yule ni mgonjwa, maskini, hawezi kitu. Hapa walimfuata wenyewe kumwambia Habib ni simba. Mzee Bogere alimwita barazani.

"Wewe unamuulizia Habib? Yule juzi amebeba gunia la mahindi hadi kinuni."

"La kilo ngapi, mzee?"

"Mia."

"Begani?"

"Begani kwa nini? Kwa mkono mmoja. Wa kushoto." Bogere aliona kalamu ya mgeni imesimama. "Siku hiyo alikuwa ameshiba," akaongeza.

Masaba aliandika. Harufu ya uongo aliisikia, polisi hawasahau, lakini fomu ya bima haina mahali pa kuandika harufu. Ilikuwa na mahali pa kuandika mashahidi, naye alikuwa nao kumi, na filamu juu yake. Kila mchana mkono usiojulikana ulimletea sahani ya pilau chini ya kawa zuri la ukili. Alikula. Hakujiuliza sana.

*

Jumapili baada ya misa, Hajati Kaltuma alimkuta mama yake Masaba uani, anachambua maharage. Aliitwa Khainza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya juu. Alimkaribisha, akaleta chai kabla ya kuuliza mgeni ni nani.

"Nimesikia sifa za mwanao Masaba," alisema Kaltuma. "Nikasema nije niwaone waliomzaa."

"Ahsante, mama. Na mimi huwa nawaambia watu."

Kaltuma alipepesa macho ukutani. Palikuwa na kalenda ya kanisa, na picha ya mwanamume ameshika kamba ya kengele. "Ninyi ni watu wa kanisa?"

"Tangu babu. Huyo ni marehemu mume wangu, kengele ilikuwa yake."

"Na Masaba?"

"Mvivu wa ibada, lakini alibatizwa. Mke wake ndiye anampeleka."

"Ana mke."

"Na watoto wawili. Mama, ongeza sukari."

Kaltuma akaongeza sukari asiyoihitaji. "Na kazi yake huko Jinja ni gani?"

Khainza aliacha maharage kabisa. "Kazi yake ni akili, mama. Kuna watu wanajifanya viwete ili bima iwalipe. Yeye anawafuata taratibu, anawapiga picha. Sasa amempata askari mmoja wa Iraki, anasema mgongo umevunjika, anataka apasuliwe bure. Kumbe anabeba gunia la mahindi kwa mkono mmoja. Wa kushoto. Kesho Jumatatu anazipeleka karatasi Kampala, na huyo mtu kwisha."

Kaltuma alimaliza chai yake yote, kwa sababu alilelewa vizuri. Akashukuru, akaaga, akatembea hadi kona ya barabara, ndipo akatoa simu.

"Wifi, umekaa?"

"Kila mtu ananiambia nikae," alisema Khadija. "Sema."

Kaltuma akasema. Khadija alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi pale pale sakafuni ingawa kiti kilikuwapo. Macho yake yakaenda juu ya kabati, kwenye barua ya mistari minne. Bima ilimtuma mtu mmoja tu, na yeye akaitafutia wengine kumi.

Alimwambia Habib akiwa amempa mgongo.

"Nimekuua mguu, Baba Mastula. Mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Aliyetembea ni nani?" akauliza Habib.

"Wewe."

"Hukunibeba. Nilitaka kutembea." Akautazama mkongojo nyuma ya mlango. "Mtoto wa Bogere alinipigia saluti. Kwa hatua mia mbili nilikuwa mimi. Hata ningejua ni mtu wa bima, sijui kama ningeuchukua mkongojo."

Khadija akalia, na Habib akamwacha alie, maana hakuweza kuinuka kumfuata.

*

Masaba alikuwa anamalizia soda yake Khadija alipoketi kwenye benchi kando yake. Nulu akaacha kukaanga.

"Bwana Masaba," alisema Khadija, "mama yako anakusalimu. Anasema kesho unakwenda Kampala."

Chupa ilisimama katikati ya njia. "Mama yangu?"

"Na mkeo tumesikia hajambo. Hiyo kofia unaweza kuivua sasa, kuna joto."

Akaivua. Akaikunja mkononi. "Mlimfuata mama yangu nyumbani?"

"Wewe umekaa mlangoni kwangu siku sita."

Khadija akamweleza yote: watu wa Buwenge, sinia, nyumba kumi, pilau. Aliposikia neno posa, Masaba aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa suruali yake imechanika nyuma tangu asubuhi.

"Kwa hiyo lile gunia la mahindi?"

"Habib hajawahi hata kununua mahindi ya gunia zima. Njoo umwone."

Walipoingia, Habib alitambua mwendo wa polisi kabla hajaona uso. "Karibu, afande," alisema, akaanza kuupanda ukuta kwa mikono ili asimame.

"Baba Mastula, lala," alisema Khadija. "Leo tafadhali lala."

Lakini Habib hajawahi kumpokea afande akiwa amelala. Alisimama, akanyoka, jasho likamtiririka shingoni, na ilibidi Masaba mwenyewe na Mastula wamshushe mkekani.

Masaba aliketi. "Mama, nawaamini. Lakini nikiwapelekea Kampala maneno mapya ya watu wale wale, watasema nimepikiwa. Na kweli nimepikiwa, mara tatu. Tena nina filamu ya Ijumaa, mtu mzima kabisa."

"Tuione," alisema Mastula.

Akafungua kioo kidogo cha kamera. Habib akatokea kutoka msikitini, mweupe, wima, mkono juu akisalimia. Khadija, pamoja na yote, akatabasamu, mumewe alipendeza. Mastula aliyekuwa ameshinda miezi mingi akitazama pindo za nguo hakutazama uso.

"Rudisha nyuma. Tazama chini."

Masaba akarudisha. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili ya bluu. Wa kushoto ulikuwa mtupu, juu ya lami ya saa saba mchana. Mbele ya kibanda cha Nulu, pale vizibo vinapotupwa, mguu mtupu ukakanyaga, na Habib hakupunguza mwendo wala hakutazama chini. Alimsalimia Bogere. Kuanzia hapo kila hatua ya kushoto iliacha doa dogo jeusi barabarani.

Masaba aliitazama mara tatu. Siku tatu alikuwa na filamu ile mfukoni, akiangalia mgongo.

Kisha akachukua kalamu yake, akaibonyeza kwenye unyayo wa Habib, kando ya kidonda, kwa nguvu. Habib alikuwa anatazama dari.

"Utaanza lini, afande?" akauliza.

Masaba akairudisha kalamu mfukoni. Khadija akamletea ile kandambili ya bluu iliyooshwa, naye akaipiga picha juu ya kabati, kando ya cheti cha shukrani.

*

Ripoti yake ilikuwa na kurasa saba, na mbili kati ya hizo alilazimika kueleza kwa nini mashahidi kumi walidanganya kinyume na kawaida ya madai. Aliandika kwamba walimdhania mposaji. Tulisikia baadaye kwamba ofisi nzima ya Kampala ilimwita Bwana Harusi hadi Krismasi. Bima ikatuma daktari wake na sindano zake, wakachoma, wakaandika, na mwezi wa kumi na moja wakakubali.

Siku chache kabla ya upasuaji, Kampala walimpigia Bogere kama shahidi, kuhakikisha. Mgonjwa anaweza kutembea?

"Bwana," alisema mzee, "hawezi hata kushika kikombe." Khadija akamnyang'anya simu.

Mastula bado anashona. Akitokea mtu kibandani kumuulizia, Nulu humtaka kitambulisho kwanza, kisha namba ya mama yake. Wawili wamekwisha kimbia, na Mastula anasema waliokimbia hawakumpunguzia kitu.

Habib alirudi kutoka hospitali mwezi wa kwanza, na kitambaa kirefu mgongoni. Daktari hakuahidi kitu. Mshipa ulibanwa muda mrefu, tungoje tuone. Wiki ya kwanza hapakuwa na la kuona, wala ya pili. Khadija hakuuliza. Aliosha ule mguu kila asubuhi, akaukausha, akaufunika.

Wiki ya nne, mchana, alikuwa anapita chumbani na chai juu ya lile sinia la watu wa Buwenge, ambalo hatimaye aliamua kulitumia. Habib alikuwa mkekani, miguu imenyooka, anasikiliza redio.

"Mama Mastula," alisema, "umenikanyaga."

Khadija akasimama. Vikombe vikagongana kidogo. Akaliweka sinia chini taratibu, kama aliyebeba mtoto aliyelala.

"Wapi?"

"Mguuni."

"Mguu upi?"

Habib akazima redio. "Wa kushoto," alisema.

Khadija akainua kanga yake kidogo, akamkanyaga tena.